Sabuni Nayo Ilichangia

Naitwa Hezekiah Ogola. Ukifika Silibwet ukauliza fundi wa mashine, hata muuza ndizi atakuonyesha mlango wangu, na bila kuulizwa atakuongezea kwamba nina mdomo mbaya. Ni kweli, siwezi kubisha. Sina subira na mtu anayeniita nimtengenezee friji halafu anasimama nyuma yangu kunifundisha kushika spana. Lakini hii habari yangu na Mokeira imezungumzwa vya kutosha na watu ambao hawakuwepo, kila mmoja akitia chumvi yake, kwa hivyo afadhali niieleze mwenyewe. Naona haya kuieleza. Nitaieleza tu.

Baba yangu alitoka kando ya ziwa akaja Kericho kuchuma majani chai, na mimi nikazaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi. Kiswahili nilikikuta pale, Kipsigis nikakiokota kwenye kiwanja cha mpira, na kazi nikaipata kiwandani, kufagia vumbi la chai. Nilipanda polepole mpaka nikawa mtu wa mashine za kusaga majani. Miaka ishirini na miwili, ndugu yangu. Mashine ikianza kuugua nilikuwa naijua kwa sauti kabla msimamizi hajainua kichwa. Na pale kiwandani dawa yetu ya kwanza ilikuwa grisi. Beringi ikilia, grisi. Mlango ukikwama, grisi. Huwezi kutoka zamu kabla hujapita kila mahali na kopo lako. Walipopunguza watu, na mimi nikawa miongoni mwao, nilitoka getini na kopo moja la hiyo grisi ndani ya koti. Huo nao ni wizi, najua, lakini sio ulionileta hapa.

Mwalimu Caren Chepchirchir ni mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa mwalimu mkuu, sasa amestaafu, ana ng'ombe wanne na kashamba ka chai, na vidole vyake vimeingiwa na baridi yabisi mpaka kikombe kinamtoroka mkononi. Mtoto wake Kimeli, anayefanya kazi Nairobi, alimhurumia akamnunulia mashine ya kuosha vyombo. Wacha wee! Siku ilipoletwa kwa pikapu watu walijaa kwenye ua. Mzee mmoja aliuliza kama inaosha na watoto pia. Aliyeitwa kuifunga ni mimi, na nikaifunga vizuri, jikoni kando ya sinki, na nikaondoka nikiwa nimevimba kichwa, maana hakuna fundi mwingine hapa kwetu aliyekuwa ameigusa mashine ya namna hiyo.

Lakini aliyeijua hasa ni Mokeira. Huyu ni mama wa makamo, mtu wa Kisii, mjane, na alikuwa amefanya kazi kwa Mwalimu miaka minane. Alilala pale, alikula pale, na ufunguo wa stoo ulikaa kiunoni mwake, si kwa Mwalimu. Binti yake yuko chuoni kwa jasho la kazi hiyo. Kitabu cha maelezo ya mashine alikisoma kurasa zote, kitu ambacho hata mimi sikufanya. Ugali ulioganda alikuwa anaukwangua kwanza, vyombo anavipanga vikiangalia chini, chujio analitoa kila Jumamosi analipiga brashi. Hakuna aliyemfundisha.

Mashine ikakaa miezi sita bila neno, halafu ikaanza kuvuja maji kidogo nyuma. Nikaitwa. Siku hiyo nilifanya kazi safi, hata leo siwezi kuidharau. Niliivuta mashine kutoka ukutani, nikapapasa mabomba yote mawili, la kuingiza maji na la kuyatoa, nikakuta klipu ya lile la kutoa imelegea. Nikaikaza. Kazi imeisha, si ndio? Mtu mwenye akili angefunga begi lake aende. Mimi nikafungua mlango wa mashine, nikaona ule mpira unaouzunguka umekauka kidogo, mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo. Nikaupaka grisi ya kiwandani mzunguko mzima, kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta.

Mokeira alikuwa anamenya viazi pale kando. Akaniuliza, "Fundi, hiyo kitu haitaharibu mpira? Kile kitabu hakisemi mambo ya grisi."

"Mama," nikamwambia, "wewe pika. Mimi nimefanya na mashine miaka ishirini na miwili."

Akacheka kidogo, akaendelea na viazi vyake. Hakuonekana kukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika, kwamba mpishi ananiuliza habari za mpira.

Wiki tatu baadaye Mwalimu akanipigia simu. Maji sasa yanatoka mbele, na sio kidogo. Nilifika Alhamisi saa kumi, jua likiwa limeshapita nyuma ya miti, na kumbe nimefika wakati mbaya. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kwa maombi yao ya kila wiki, kama tisa hivi, na baada ya maombi wakataka kuiona ile mashine ikifanya kazi. Ikawashwa mbele yao, ikamwaga maji mpaka miguuni mwao. Mwalimu alikuwa ameaibika. Unajua vile mtu aliyekuwa mwalimu mkuu anavyoaibika: anakunja tu kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena.

Nikaingia jikoni na viatu vyangu. Sakafu nzima ilikuwa povu jeupe. Akina mama wamesimama mlangoni wananiangalia, Mwalimu ananiangalia, na mimi nilikuwa nimetoka kugombana na mtu wa pampu huko Chebunyo, kichwa bado kinachemka. Sikufungua kitu. Sikushika kitu. Nikaona povu, na kila mtu anayejua hizi mashine anajua ukitia sabuni ya kawaida ndani yake povu linafura linatafuta pa kutokea. Nikauliza kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushindana na kelele za mashine, "Nani ameweka sabuni ya unga humu ndani?"

Halafu Mokeira, aliyekuwa amepiga magoti na tambara, akasema, "Hapana, fundi. Mimi natumia vile vidonge vya mashine tu."

"Vidonge haviwezi kutoa povu hivi."

Mwalimu akaweka kile kitambaa chini. "Mokeira, umetumia sabuni ya unga?"

"Hapana, Mama."

Mwalimu akanigeukia. Nikatingisha kichwa, kama daktari anayewahurumia watu wa mgonjwa. Nikasema, "Mwalimu, mashine haisemi uongo. Hii ni sabuni ya unga."

Mokeira akaniangalia. Akaangalia povu. Akaangalia wale akina mama. Nikaona kitu kinabadilika usoni mwake, kama mtu anayejipapasa mfukoni akikosa alichokuwa na hakika anacho. Akasema polepole, "Labda... kuna sufuria ya maziwa niliilowesha na sabuni ya unga asubuhi. Labda sikuisuuza vizuri. Labda."

"Umeona?" nikasema. Mungu anisamehe, nilisema hivyo, "umeona", na mama mmoja kule mlangoni akaguna. Nikawaelekeza waizungushe mashine na maji matupu mara tatu, nikanywa chai pamoja na wageni, nikaenda zangu.

Sasa najua povu lilikuwa la kudekia. Mokeira alipoona maji yanamwagika mbele ya wageni alikimbia kuchukua ndoo yake ya kudekia, yenye maji ya sabuni, akaanza kupiga deki ili wageni wasiteleze. Ndoo ilikuwa pale pale, karibu na goti lake. Mimi niliiruka nikiingia.

Siku kumi baadaye naitwa tena. Bado inavuja. Nikaenda nikinung'unika njia nzima, nimeshapanga maneno ya kumwambia Mokeira. Nabisha, anafungua Mwalimu mwenyewe. Mikono yake ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Mokeira yuko wapi?" nikauliza.

"Nilimwambia aende."

Nikasimama pale mlangoni na begi langu kama mjinga.

"Si sabuni, fundi," akasema, akirudi kwenye sinki. "Sabuni ni kitu gani? Ni kule kunidanganya mbele ya watu. Kwanza anasema hapana, halafu anasema labda. Mtu anasemaje hapana, halafu labda? Miaka thelathini nimefundisha watoto, huo ndio uongo wa kwanza wanajifunza." Alikuwa anaosha kikombe na kidole gumba na viganja, vile vidole vingine havikunjiki. Kikampotea, kikagonga sinki. Akakitafuta tena majini.

Nikapiga magoti pale chini nikafanya kile nilichopaswa kukifanya tangu mwanzo. Nilifungua skrubu mbili za bati la chini nikalitoa. Nikatandika magazeti makavu chini ya mashine, kona hadi kona, ili tone la kwanza lijionyeshe lenyewe. Nikaiwasha, nikalala kifudifudi na tochi. Bomba la kuingiza maji, kavu. Klipu niliyoikaza, kavu. Pampu, kavu. Nikangoja. Maji yalipoanza kurushwa ndani, gazeti likalowa kwenye kona ya kushoto ya mlango, na tone la pili likaja juu ya lile la kwanza.

Nikazima. Nikafungua. Nikashika mpira wa mlango pale konani. Ulikuwa umefura. Umelegea, umejikunjakunja, kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai. Haukuweza tena kubana mlango. Kidole changu kikatoka na utelezi wa kahawia, na sikuhitaji kuuleta puani, harufu hiyo nimeishi nayo nusu ya maisha yangu.

Sasa sikiliza kinachoniumiza. Mimi nilikuwa najua. Kiwandani tulikuwa na mikanda ya mpira ya kubebea majani, na sheria ya kwanza unayofundishwa ni kwamba grisi na mafuta havitakiwi kugusa mpira, vinaula. Kuna jamaa anaitwa Gichana, mimi mwenyewe nilimgombeza mbele ya zamu nzima kwa kuacha grisi idondokee mkanda. Nilimwita ng'ombe. Na mimi nikaja kwa nyumba ya watu nikaupaka mpira wao grisi mzunguko mzima, kwa mapenzi, na mtu aliyesoma kitabu akaniuliza, na nikamwambia apike.

"Umeona nini?" Mwalimu akauliza.

Ningeweza kusema hapo hapo. Maneno yenyewe yalikuwa machache: Mwalimu, ni mimi. Halafu nikawaza Silibwet nzima ikicheka, fundi wa miaka ishirini na miwili ameua mashine kwa kopo la kuiba, na mdomo wangu, ule ninaosifiwa kwa ubaya wake, ukafanya kazi ya woga.

"Mpira," nikasema. "Ulitoka kiwandani ukiwa mbovu. Tuagize mwingine."

Halafu akageuka kutoka kwenye sinki, maji yakimdondoka. "Kwa hivyo haikuwa sabuni?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa hapana, haikuwa sabuni, umrudishe mama wa watu. Sijui kama yeye mwenyewe alijua anaomba hivyo. Mimi nilijua.

Nikasema, "Sabuni nayo ilichangia."

Mpira mpya ulikuja kutoka Nairobi baada ya siku nne. Nikausafisha mfereji wake na kitambaa na maji ya moto mpaka hakuna utelezi, nikaulowesha mpira wenyewe kwenye maji vuguvugu ulegee, nikaubana kuanzia katikati juu nikishuka pande zote mbili bila kuuvuta. Kopo niliacha nyumbani. Mashine ikaosha vyombo vya siku mbili na gazeti likabaki kavu. Mwalimu akafurahi mpaka akashika kichwa changu akaniombea, akanimiminia mursik, maziwa ya kugandisha, kutoka kwa kibuyu, ile ya kupewa mgeni wa heshima, na nikainywa yote. "Kongoi, fundi," alinishukuru kwa Kipsigis, "kongoi mising." Nilitembea mpaka barabarani tumbo limejaa maziwa ya mtu niliyemdanganya, na nilijisikia mdogo kuliko nilivyojisikia siku ile niliyopewa barua ya kuachishwa kazi. Siku ile angalau nilikuwa nimeonewa.

Basi nikawa mtu wa kuzunguka. Nikiona akina mama wa kanisa mbele, nakata kwa nyuma ya soko. Mwalimu akipiga simu kunisalimia tu, nasema niko kwa mteja. Mke wangu Apiyo, mama wa mwanangu Omollo, aliona nimekuwa mpole akadhani naugua.

Mwezi ukapita hivyo. Apiyo anauza nguo za mitumba, na siku za soko huenda mpaka Boito. Siku moja akarudi, akaweka furushi chini, akasema, "Baba Omollo, unamkumbuka yule mama wa Mwalimu Caren? Mokeira? Nimemkuta Boito. Siku hizi anachuma majani kwa shamba la mtu. Amekonda, yawa."

Nikasema ninamkumbuka.

"Amekusalimia sana. Amesema nikuombee msamaha, eti alikuharibia kazi yako, ukasumbuka kwenda mara nyingi kwa sababu ya kosa lake." Apiyo alikuwa anakunja nguo huku akiongea, hata haniangalii. "Ni mama ana adabu, huyo. Nani siku hizi anakubali makosa?"

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, Mokeira anilaani, anisengenye, anishtaki kwa chifu. Sikuwa nimejiandaa kuombwa msamaha. Nikarudi ndani nikamweleza mke wangu yote, grisi, povu, ndoo, na yale maneno niliyomwambia Mwalimu. Apiyo akasikiliza mpaka mwisho. Akasema tu, "Na umekaa na hii kitu ukila ugali wangu?" Akaingia chumbani. Afadhali angepiga kelele.

Asubuhi nikapanda boda mpaka Boito. Njiani nilikuwa napanga maneno: nitamwita kando, nitaongea naye polepole, mtu mzima na mtu mzima. Nikaambiwa wachumaji wako kituoni, pale majani yanapopimwa. Nikakuta foleni, kama watu ishirini, kila mmoja na kikapu mgongoni, karani ndani ya banda na mizani yake, majani yakimwagwa mezani yakikaguliwa. Mokeira alikuwa katikati ya foleni. Amevaa gunia la plastiki kiunoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa maji ya majani.

"Fundi!" akasema, na akafurahi kweli. "Umepotelea huku? Mama Omollo alikupa salamu zangu?"

"Alinipa. Mama, naomba tuongee pale kando kidogo."

"Nikitoka napoteza nafasi. Sema tu."

"Ni maneno ya faragha."

Akaniangalia kwa makini, ile furaha ikaanza kupungua. "Maneno gani ya faragha kati yangu na wewe? Sema hapa."

Wanawake wa mbele na wa nyuma wakageuka. Nikajikaza. Nikasema, "Haikuwa sabuni."

"Nini haikuwa sabuni?"

"Mashine ya Mwalimu. Ni mimi niliiharibu. Ile grisi niliyopaka mpira, ile uliniuliza, ndiyo iliula. Lile povu lilikuwa la ndoo yako ya kudekia. Nilikosea. Halafu nikajua nimekosea, na Mwalimu akaniuliza tena, na nikamwambia sabuni nayo ilichangia. Nilisema uongo. Wewe hukufanya kitu."

Foleni ikasogea hatua moja. Yeye hakusogea. Mama wa nyuma yake, mtu mzima, hakumsukuma.

"Sufuria ilikuwa safi?" akauliza.

"Ilikuwa safi."

"Kwa sababu mimi nilikumbuka niliisuuza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikumbuka maji ya kwanza, nikakumbuka maji ya pili. Halafu ukasema mashine haisemi uongo, nikaanza kukumbuka kwamba labda sikusuuza. Unaelewa? Nilikumbuka vile ulivyosema wewe. Niliungama kwa pasta. Nilimwambia binti yangu, mama yako amefukuzwa kwa uzembe na uongo, wewe usiwe hivyo." Akapangusa uso kwa mkono, akajipaka weusi wa majani shavuni. "Kuna shule hapa walikuwa wanatafuta mpishi. Mwalimu mkuu akaniuliza niliachaje kazi ya kwanza. Nikamwambia ukweli. Nikadhani ni ukweli. Nikasema niliharibu mashine ya mtu nikakataa. Wakaandika mtu mwingine."

"Nitaenda niwaambie," nikasema. "Naenda sasa hivi."

"Wameshaandika mtu mwingine, nimekuambia."

Nilitamani anitukane. Mama wa nyuma yake ndiye aliyenitukana, kwa Kipsigis, polepole, na nikaelewa kila neno.

"Mpigie Mama," Mokeira akasema.

"Nitaenda kwake leo, nikitoka hapa."

"Mpigie sasa. Weka sauti. Wewe ulinisema mbele ya watu."

Nikatoa simu. Nikabonyeza jina la mtu mwingine kwanza, nikakata. Ikaita mara nne. Mwalimu akapokea kwa furaha, "Fundi, chamgei! Umenipotea." Sikuitikia salamu. Nilisema yote, vile nilivyokuwa nimeyasema kwa Mokeira, na safari hii yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kila neno lilitoka huku Mokeira akiangalia mdomo wangu kuhakikisha sijaruka kitu. Nilipofika kwenye mursik niliyokunywa sikuhitajika kuitaja. Niliitaja.

Halafu Mwalimu akasema, "Uko wapi?"

"Boito, kwa kituo cha majani. Niko na Mokeira hapa. Anakusikia."

"Mokeira," Mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu hata kidogo. "Mokeira, rudi nyumbani. Chumba chako sijakigusa. Nitatuma pikapu ikuchukue leo. Sikujua, mama yangu. Fundi aliniambia, na mimi sikujua."

Watu wote walikuwa wanasikiliza, hata karani ameinua kichwa. Zamu ya Mokeira ilikuwa imefika, mizani inamngoja. Aliinama akafungua kamba ya kikapu begani, halafu akasogeza mdomo karibu na simu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Mama," akasema, "mimi nilikuambia hapana. Mara mbili nilisema hapana mbele yako, na nilikuwa na wewe miaka minane. Ulipomaliza kunisikia, ukageuka ukamwangalia fundi."

Akanyanyua kikapu, akakipeleka kwa karani, akayamwaga majani mezani, na kuanza kuyachambua kwa mikono yake miwili, ili karani aone hakuna jani bovu. Hakugeuka tena. Wanawake wakanipita mmoja mmoja wakisogea mbele, kila mmoja akinizunguka na kikapu chake bila kunigusa. Simu ilikuwa bado imewaka. Nilimsikia Mwalimu akipumua, na najua na yeye alinisikia. Tukabaki hivyo, mimi na yeye, na hakuna aliyekata.